Mbona kila asubuhi niko na mbwa? Haya, nawajibu

Habari zenu, watu wangu. Najua wengi mmekuja kusikia mambo ya visa ya Ujerumani, lakini leo lazima nijibu hili swali kwanza, maana limejaa kwenye komenti tangu nifike nyumbani: "Dada, kwani umefukuzwa kazi Berlin? Mbona kila asubuhi tunakuona Nakuru umekaa na mbwa?" Mwingine akasema naringa, eti nawaonyesha niko na muda wa kupoteza nyinyi mkikimbizana na matatu. Mwingine, video ile ile, akasema nalalamika sana.

Sijafukuzwa. Niko likizo. Sheria ya Ujerumani inampa mtu anayefanya kazi siku 5 kwa wiki angalau siku 20 za likizo yenye malipo kwa mwaka, na mimi zangu nimezikusanya nije nikae kwa Mama hapa Kiamunyi. Si utajiri. Tiketi nimeilipia kwa kujinyima.

Huyu mbwa anaitwa Popi. Ni mbwa wetu wa kienyeji, Mama alimleta akiwa mdogo kabla sijasafiri, sasa amepita miaka 12. Amelinda hili boma tangu tukiwa hatuna hata lango la chuma. Na nikisema asubuhi zake ni za polepole, mtu asidhani ni mapozi. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na nyinyi wa huku mnaijua baridi ya saa kumi na mbili, hasa mwezi wa saba. Mbwa mzee mwenye ugonjwa wa viungo hukakamaa zaidi akitoka kulala. Popi akiamka, miguu ya nyuma haimtii. Ukimharakisha hapo unamuumiza. Ukimwacha ajinyooshe, asimame, akae tena, asimame tena, viungo vinapata moto na anatembea vizuri tu.

Kwa hivyo nabeba chai yangu, nakaa kwenye ngazi za jikoni, nangoja. Jua likishapiga ukuta anatoka kwenye gunia lake, tunazunguka ua wa michongoma. Anaweza kunusa mahali pamoja mpaka chai ipoe. Simvuti. Masikio yamepungua, macho yana ukungu wa buluu (na jameni, ule ukungu si lazima uwe mtoto wa jicho, mbwa wengi wakizeeka lenzi hubadilika rangi na bado wanaona), lakini pua ni nzima. Habari zote za usiku anazipata hapo: paka gani alipita, mbwa wa nani alikojoa langoni. Kumkatiza kwa sababu mimi nina haraka, sioni haki.

Na hapa niseme kitu kinachoniuma. Kazi yangu Berlin ni kuhudumia wazee kwenye makao. Zamu ya asubuhi ikinifikia, saa kumi alfajiri niko macho. Kuna mzee anataka kukaa kwanza ukingoni mwa kitanda, avute pumzi, lakini wenzake wanangoja na dakika zimehesabiwa. Namharakisha. Kwa maneno matamu, lakini namharakisha. Sasa mtu akiniandikia, "huko unaosha wazee, huku unakaa na mbwa mzee, huna maendeleo," ananigusa pabaya. Hapa ndipo napata kumngoja kiumbe mzee mpaka awe tayari mwenyewe. Hii asubuhi nimeitamani mwaka mzima.

"Basi si uende naye?" Mnafikiri sijauliza? Kwa ajili ya kichaa cha mbwa, Kenya haiko kwenye orodha ya nchi ambazo mbwa wake wanaingia Umoja wa Ulaya kwa urahisi. Kwanza awekwe chipu chini ya ngozi, halafu achanjwe, na chipu lazima itangulie chanjo. Zipite angalau siku 30 ndipo atolewe damu, ipelekwe maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya, kinga ifike uniti 0.5 kwa mililita. Hata akipita, ni miezi 3 tena kuanzia siku aliyotolewa damu. Halafu cheti cha daktari wa serikali, kisizidi siku 10 kabla ya kuingia. Piga hesabu uniambie likizo yangu inatosha wapi. Na mimi mwenyewe nikikaa nje zaidi ya miezi 6, kwa kawaida kibali changu cha kuishi Ujerumani kinakufa.

Kuna ajenti alisema atashughulikia kila kitu. Akataka malipo ya kwanza, Mama akatuma, na tangu siku hiyo simu inaita tu. Zilikuwa pesa za paa la jiko. Simtaji, lakini Mama yangu hakustahili hilo.

Tena hata makaratasi yangekamilika: kodi ya mbwa kule Berlin ni euro 120 kwa mwaka kwa mbwa wa kwanza, hiyo ningelipa bila neno. Lakini kumfungia mbwa wa umri huu kwenye kreti tumboni mwa ndege, afike apande ngazi za ghorofa, ili tu mimi nisimkose? Hapana.

Na wale wa familia mlioandika kwenye grupu kwamba dawa ya mbwa ingelipa karo: karo nimelipa. Risiti mnazo.

Sisemi kila mtu afanye hivi. Wewe una ng'ombe wa kukamua, una watoto wa shule, mwenyewe unajua hali yako. Ila dawa zetu za maumivu, paracetamol na ibuprofen, msimpe mbwa, zinaweza kumuua. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, na msiniulize jina la dawa ya Popi, ilipimwa kwa uzito wake yeye.

Nikirudi, mpwa wangu ndiye atakaa naye. Tumeelewana: hakuna kumpigia mluzi alfajiri, gunia lisiwekwe juu ya simenti tupu, na kunusa ni mpaka amalize. Ya visa ni video ijayo.