Ayurveda na Sonona: Chakula na Saa Kabla ya Mitishamba

Mheshimiwa mwenyekiti, mabibi na mabwana,

Nitaanza na swali ambalo kwa kawaida huachwa hadi mwisho, kwa sababu najua kwamba wengi wenu mmekuja nalo. Kila ninapozungumzia Ayurveda na sonona, mtu wa kwanza kunyoosha mkono huuliza ni mmea gani unaofaa, unywewe kwa maji au kwa maziwa, asubuhi au jioni. Wenzangu hucheka kabla sijafungua kinywa, maana jibu langu wamekwisha kulikariri: mmea si mahali pa kuanzia, na anayeanzia hapo ameiruka sehemu kubwa ya elimu anayodai kuifuata. Charaka Samhita, mojawapo ya vitabu vya msingi kabisa vya tiba hii ya Wahindi, hutaja nguzo tatu zinazoutegemeza mwili, nazo ni chakula, usingizi, na mwenendo wenye kiasi. Dawa huja kumsaidia mtu ambaye nguzo hizo tayari zinashughulikiwa. Biashara ya leo imeupindua mpangilio huo, kwa sababu chupa ya vidonge huuzika, ilhali hakuna anayeweza kukuuzia tabia ya kula mchana kwa saa ile ile kila siku.

Nadhani ukumbi huu unazifahamu dosha tatu, yaani nguvu ambazo Ayurveda husema huuendesha mwili: vata yenye ukavu na mwendo, pitta yenye joto, na kapha yenye uzito na unyevu, kwa hiyo sitazieleza zaidi. Ninachotaka kukumbusha ni kwamba Charaka anaiweka vishada, ile huzuni nzito inayomvunja mtu moyo, katika orodha ya maradhi 80 yatokanayo na vata, na mahali pengine anasema kwamba katika mambo yanayozidisha ugonjwa hakuna linaloipita. Sidai kwamba vishada hiyo ni sawa kwa kila kipengele na sonona inayopimwa hospitalini leo, ambayo hutambuliwa kwa dalili zinazodumu karibu kutwa nzima, karibu kila siku, kwa muda usiopungua wiki mbili. Wala sidai kwamba vata ni kitu kinachoweza kuonekana kwa darubini. Nazichukua dosha kama namna ya kumtazama mgonjwa kwa makini, na kwa kazi hiyo zina manufaa ambayo nitawaonyesha sasa hivi.

Wafikirieni wagonjwa wawili. Wa kwanza amekonda, anaamka saa tisa za usiku na kubaki macho hadi kunakucha, hamu ya kula imemtoka, choo ni kigumu, na mawazo yake hayatulii hata dakika moja. Wa pili analala kwa muda wa saa kumi na bado anaamka amechoka, anakula kuliko zamani, uzito umepanda, na kunyanyua mguu kutoka kitandani ni kazi. Wote wawili wana sonona. Daktari wa magonjwa ya akili ataitambua picha ya kila mmoja wao, kwa sababu elimu ya kisasa nayo inakiri kwamba ugonjwa huu unaweza kuondoa usingizi na hamu ya chakula kwa mmoja na kuvizidisha kwa mwingine. Ayurveda itasema kwamba kwa wa kwanza vata imechafuka, na kwa wa pili kapha imelundikana. Kisha itasema jambo ambalo ndilo kiini cha mazungumzo yangu ya leo, nalo ni kwamba watu hawa wawili hawawezi kupewa chakula kimoja.

Charaka anazipa njia hizo mbili majina. Ipo langhana, yaani kuupunguzia mwili mzigo, na ipo brimhana, yaani kuulisha na kuujenga. Tofauti hii mwanafunzi huifundishwa mapema sana, na bado sijui ni mara ngapi nimewaona wagonjwa wa aina ile ya kwanza, waliokwisha kukonda na kukosa usingizi, wakiandikiwa siku za kufunga na dawa za kuharisha ili, kama wanavyoambiwa, sumu zitoke mwilini. Nikikumbuka hili huwa nakosa subira, na mnisamehe nikipandisha sauti. Mtu ambaye mwili wake umekauka na akili yake haina utulivu, unamnyima chakula na kumtoa maji, halafu unaita kitendo hicho Ayurveda? Kwa kanuni za Ayurveda yenyewe umemzidishia vata, kwa sababu kufunga, kuharisha, kukesha na vyakula vikavu ndivyo vinavyoichochea. Hapa sihitaji hata kuazima hoja ya hospitali. Kitabu chenyewe kinamhukumu mtibabu huyo.

Mgonjwa huyo anahitaji chakula cha moto, laini, chenye majimaji na mafuta ya kiasi: wali uliopikwa pamoja na choroko hadi ukarojeka, kijiko cha samli, tangawizi, bizari nyembamba, mboga zilizoiva vizuri na supu. Ladha zinazomfaa ni tamu, chachu na chumvi, na mahali hapa neno tamu lina maana ya ladha ya nafaka, maziwa na matunda yaliyoiva, wala halimpi mtu ruhusa ya kumaliza pakiti ya biskuti. Najua pia kwamba kuna atakayeuliza kuhusu nyama, kwa sababu imeenea imani kwamba Ayurveda humkataza kila mtu nyama. Charaka anapendekeza mchuzi wa nyama kwa waliodhoofika, na anaupendekeza waziwazi. Anayechagua kuiacha nyama kwa sababu za dini au dhamiri anastahili heshima kamili, lakini ahakikishe kwamba anapata vitamini B12, kwa kuwa upungufu wake unaweza kuleta uchovu, usahaulifu na huzuni vinavyofanana sana na sonona, na hugunduliwa kwa kipimo cha damu.

Yule wa pili ageuziwe karibu kila kitu. Chakula chake kiwe chepesi na cha moto, chenye ladha kali, chungu na ya ukakasi, kama vile mboga za majani, mikunde, pilipili manga na tangawizi, na apunguze sukari, vyakula vya kukaanga na maziwa baridi. Asilale mchana. Charaka huruhusu usingizi wa mchana wakati wa joto kali, na kwa wazee, watoto na waliodhoofika, lakini kwa mwenye kapha nyingi anaukataza. Atembee asubuhi, hata kama atatembea akinung'unika.

Sasa nije kwenye agni, moto wa mmeng'enyo, kwa sababu hapa ndipo ushauri wa chakula huharibikia. Mwenye sonona mara nyingi hana njaa, na jamaa zake, kwa upendo, humjazia sahani. Moto dhaifu ukirundikiwa magogo huzimika. Unachochewa kwa vijiti, na ndivyo Ayurveda inavyosema juu ya tumbo: chakula kidogo, cha moto, kwa saa ile ile, mlo mkubwa uwe mchana jua linapokuwa juu, wa jioni uwe mwepesi na wa mapema, na mlo mpya usiingie kabla ule uliotangulia haujashuka. Charaka anashauri tumbo ligawanywe sehemu tatu, moja ya chakula kigumu, moja ya vimiminika, na moja iachwe wazi. Kati ya hayo yote, mimi hulitilia mkazo zaidi suala la saa. Elimu ya kisasa inatueleza kwamba mwili una saa yake ya ndani, kwamba mwanga wa asubuhi ndio unaoirekebisha saa iliyo ubongoni, na kwamba ini na utumbo hufuata kwa kiasi kikubwa nyakati za kula. Sonona huenda pamoja na kuvurugika kwa saa hiyo. Waandishi wa kale hawakuwa na maabara, lakini walipoandika kanuni za siku, yaani dinacharya, wakamtaka mtu aamke kabla ya mapambazuko, aende haja, asafishe kinywa, ajipake mafuta, afanye mazoezi, aoge na ale kwa wakati, waliweka mkononi mwa mgonjwa kitu ambacho bado anaweza kukifanya hata siku ambayo hajisikii kufanya lolote.

Nasikia tayari sauti ya daktari aliyeketi nyuma: je, ninasema kwamba chakula kinatibu sonona? Nina jibu, na naomba lisikilizwe hadi mwisho. Mwaka 2017 watafiti wa Australia wakiongozwa na Felice Jacka walichapisha utafiti wao wa watu wazima 67 wenye sonona na lishe duni. Nusu moja ilipewa msaada wa mtaalamu wa lishe, nusu nyingine ikapewa mtu wa kuzungumza nayo tu. Baada ya wiki 12, asilimia 32 ya kundi la lishe walikuwa wametoka katika ugonjwa, ikilinganishwa na asilimia 8 ya kundi la pili. Ni matokeo ya kutia moyo, lakini idadi ilikuwa ndogo, washiriki walijua wamo katika kundi gani, wengi wao walikuwa wakiendelea na matibabu mengine, na lishe yenyewe ilikuwa ya namna ya watu wa Mediterania, yenye samaki, mikunde na mafuta ya zeituni, wala haikuwa ya Ayurveda. Kwa hiyo ninachosema ni kwamba chakula ni sehemu ya tiba. Na tafadhali tuache ile hoja kwamba serotonini, kemikali inayohusishwa na hali ya moyo, kwa wingi hutengenezwa tumboni, kwa hiyo ukila vizuri utafurahi. Ni kweli kwamba sehemu kubwa hutengenezwa kwenye utumbo, lakini serotonini hiyo haivuki kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Hoja mbovu haigeuki kuwa nzuri kwa sababu inatetea jambo tunalolipenda.

Upande wa pili wa ukumbi una hoja yake pia, kwamba mmea ni wa asili na kwa hiyo hauwezi kudhuru. Wenye hoja hiyo mimi huwasimulia habari za sarpagandha. Mmea huo, ambao wataalamu huuita Rauwolfia serpentina, umetumika India tangu zamani kwa kukosa usingizi na kwa wenye wazimu. Mwaka 1931 Gananath Sen na Kartick Chandra Bose walichapisha taarifa juu ya matumizi yake kwa wagonjwa wa akili na wa shinikizo la damu. Mwaka 1949 Rustom Jal Vakil aliwajulisha madaktari wa Uingereza jinsi unavyoshusha shinikizo hilo, na mwaka 1952 maabara ya Uswisi ikatenga kutoka katika mizizi yake kiini kinachoitwa reserpini. Ulimwengu ulishangilia, na ulikuwa na haki. Kisha madaktari wakaanza kuripoti kwamba baadhi ya waliokuwa wakimeza reserpini kwa ajili ya shinikizo la damu walizama katika huzuni kubwa. Ikaonekana kwamba dawa hiyo humaliza akiba ya serotonini na ya kemikali nyingine mbili, noradrenalini na dopamini, katika neva, na ugunduzi huo ulichangia nadharia iliyotawala kwa miongo kadhaa kuhusu kemia ya sonona. Watafiti wa baadaye wamehoji ukubwa wa madhara hayo, nami sitaki kuyakuza. Inatosha kwamba mmea wa Ayurveda, wenye historia ndefu na heshima kamili, ulikuwa na nguvu za kutosha kugusa kemia ya ubongo. Wenye nguvu za kuponya unaweza pia kuumiza, na usioweza kuumiza kamwe huenda hauna la kuponya.

Ongezeni suala la usafi. Mwaka 2004 Robert Saper na wenzake walipima bidhaa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani katika eneo la Boston, na 14 kati yake zilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Ashwagandha, ambayo sasa inaliwa kama karanga, ina tafiti ndogo zinazoashiria kwamba hupunguza wasiwasi, lakini imehusishwa na visa vya kuumia kwa ini, inaweza kupandisha homoni za tezi ya thairoidi, na haifai kwa wajawazito. Anayeitumia pamoja na dawa za hospitali amwambie daktari wake. Na asiache dawa hizo ghafla kwa sababu ya mhadhara wowote, ukiwemo huu, maana kukatisha ghafla huleta kizunguzungu, kukosa usingizi na hisia kama za kupigwa shoti kichwani. Kupunguza hufanywa polepole, chini ya usimamizi wa daktari.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Kanuni za majira ya mwaka nitaziacha kabisa. Kuhusu kujipaka mafuta ya ufuta ya uvuguvugu kabla ya kuoga, niseme tu kwamba humtuliza mwenye vata, hayana gharama kubwa, na mwenye kapha nyingi atumie kidogo. Kuhusu sattvavajaya, yaani kuiongoza akili iachane na yale yanayoidhuru, ningependa tungekuwa na jioni nzima, kwa sababu Charaka anaihesabu kuwa mojawapo ya aina tatu za tiba, na mtu aliyewahi kupata tiba ya mazungumzo ataona undugu wake mara moja.

Lakini hili siliachi, na linawahusu mnaoishi na mgonjwa. Msimuulize anataka kula nini. Kuchagua ni mojawapo ya mambo ambayo sonona huyafanya kuwa mazito, na akijibu kwamba hataki chochote, mazungumzo yamekwisha na saa ya kula imepita. Wekeni chakula kidogo, cha moto, kwa saa ile ile, kaeni mle naye, na msikihesabu alichobakiza. Akianza kusema kwamba amechoka kuishi au kwamba wengine wangepata nafuu asipokuwepo, wali wa choroko na mafuta ya ufuta viwekwe kando. Muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua, kwani kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Msimwache peke yake, ondoeni karibu naye vidonge na kila anachoweza kujidhuru nacho, na mfikisheni hospitalini siku hiyo hiyo.

Karibuni kwa maswali.