Mji Ambao Hukuulizwa

Mbukwenyi! Ya mwaka 1973, Dodoma yetu ilipoamuliwa kuwa makao makuu ya nchi, sitayarudia, kila aliyekaa humu anayajua. Nimekuja na neno lile lile la mwaka jana na mwaka juzi: mtu haujengi kwa moyo mji ambao hakuulizwa.

Nina jirani, mzee wa upande wa Nzuguni. Asubuhi moja alinishika mkono mpaka shambani kwake. Katikati ya mistari ya zabibu pamechimbiwa bikoni, lile jiwe la mpaka la wapimaji, sementi bado mbichi, na mzabibu mmoja umekatwa shinani kuipisha. Mzee akachutama, akapapasa lile shina, akaniuliza: "Mwanangu, hii ni ya nani?" Hakuuliza fidia wala kiwanja. Alitaka kumjua mwenyewe, kwa maana hakuna aliyembishia hodi. Wiki ile ile likapita gari la matangazo: wananchi mjitokeze kuyajenga makao makuu. Mzee hakwenda. Wewe ungekwenda?

Najua yuko anayesema moyoni kwamba watu wa hapa wamezoea kuingoja serikali. Ndugu yangu, tangu 1973 hadi 2016 serikali ilipoanza kuhamia kweli, aliyekuwa akingoja ni nani? Bunge likiahirishwa, magari yalipangana kurudi Dar es Salaam. Aliyebaki akifyatua tofali na kupandisha ukuta kozi moja moja kila akivuna, huyo ndiye aliyeishi makao makuu miaka yote ile. Tena enzi za CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, hati ya kiwanja ilikuwa ya miaka 33. Ukijenga una miaka 40, inakwisha una 73, nguvu za kuanza upya huna. Mamlaka ile ilipovunjwa 2017 tukaambiwa miaka 99, na tazameni wenyewe kuta zinavyonyanyuka kule Iyumbu. Ni watu wale wale! Moyo walikuwa nao, uhakika ndio hawakuwa nao.

Ya maji na ya miti nilikuwa nayo, lakini naona mwenyekiti anatazama saa. Basi niombe hili moja. Kabla bikoni haijafika shambani kwa mtu, ramani ibandikwe ofisi ya mtaa, kwa Kiswahili, na mpimaji akae pale siku nzima ajibu maswali, hata ya bibi asiyejua kusoma. Maafisa ardhi mliomo humu, msiondoke. Nawasubiri pale mlangoni, na mitaa ya kuanzia nimeiandika.