Mbegu, udongo na chokaa: kwa nini tiba ya kinga humfaa huyu na kumkataa yule

Shikamooni wazee. Wanafunzi, habari za jioni. Ndaga fijo kwa kunipokea. Mimi Mmalila, lakini Kinyakyusa cha sokoni kinanitosha. (Kicheko.)

Nimeambiwa niongee juu ya tiba ya kinga kwa saratani, yaani dawa zinazoisaidia kinga ya mwili kuishambulia saratani, na niongee ili mwanafunzi wa uuguzi na mkulima wa Isongole wote waondoke na kitu. Basi naanzia shambani.

Mwaka mmoja baba alinunua mifuko mitatu ya DAP, mbolea ya kupandia. Tuliweka kila shimo kizibo kimoja cha soda, hatukukosea. Mahindi yakatoka yamedumaa, majani ya zambarau. Baba akaapa kwamba ameuziwa mbolea feki. Bwana shamba alipokuja hakuuliza hata risiti. Alichota udongo, akaupima, akasema: "Mzee, shamba lako ni chachu. Fosforasi uliyoiweka imo humu humu, ila imeshikwa na chuma na aluminiamu, mzizi hauipati. Tia chokaa kwanza."

Shikeni hapo: mbolea nzuri, mbegu nzuri, udongo umekataa.

Mwaka 1889 daktari mpasuaji wa London, Stephen Paget, alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliofariki kwa saratani ya matiti. Aliona kwamba saratani ilihamia ini mara nyingi kuliko bandama, ingawa damu inafika kote kuwili. Akasema seli ya saratani ni mbegu, na mbegu huota pale tu inapokubaliwa na udongo. Wenzake hawakumjali sana. Tukaishughulikia mbegu karibu miaka mia.

Sasa dawa zenyewe. Seli T ndizo zinazokagua mwili na kuua seli iliyoharibika, nazo zina breki ili zisije zikatuua sisi wenyewe. Saratani imejifunza kuzikanyaga breki hizo. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walionyesha kwamba breki hizo zinaweza kuachiliwa, wakapewa Nobeli mwaka 2018. Dawa ya kwanza ya namna hii, ipilimumab, iliidhinishwa Marekani mwaka 2011 kwa melanoma, saratani ya ngozi iliyokuwa ikiua haraka. Ilipokuja kuhesabiwa, kama mgonjwa mmoja kati ya watano alikuwa hai baada ya miaka mitatu, na wengi wa hao waliendelea kuwa hai hadi miaka kumi. Wenzangu tuliosoma zamani tunajua huo ni muujiza gani.

Lakini wale wanne je? Dawa ni ile ile, kipimo ni kile kile. Basi tuutazame udongo, yaani vyote vinavyoizunguka seli ya saratani.

Naomba picha inayofuata. Hiki ni kipande cha uvimbe, kimekatwa chembamba kuliko unywele, kikatiwa rangi na kuwekwa chini ya hadubini. Katikati kuna mafungu makubwa ya seli za saratani. Hizi nyuzi za waridi zinazoyazunguka ni kolajeni. Sasa tazameni pembeni: vidoti vidogo vya bluu iliyoiva, vimesongamana. Hizo ni seli za kinga, nyingi zikiwa seli T. Zimekuja, zimejaa, na hakuna iliyoingia. Ni kama mashabiki wasio na tiketi nje ya uwanja wa Sokoine siku ya mechi: kelele zote zinasikika, goli halifungwi. Hapo ukiachilia breki umemwachilia breki mtu aliyesimama nje ya ukuta.

Uvimbe mwingine ni tofauti, seli T zimo ndani kabisa. Huo tunauita wa moto, na mara nyingi ndio unaoitikia dawa. Mwingine hauna hata seli T moja, ni baridi kama Kitulo mwezi wa saba.

Nani anajenga ukuta? Fibroblasti, seli zile zile zinazoziba kidonda chako ukijikata na panga. Uvimbe unazidanganya kwamba kuna kidonda kisichopona, nazo zinafuma nyuzi bila kuchoka. Saratani ya kongosho ndiyo bingwa wa jambo hili, na ndiyo maana dawa za kinga zimeifanyia kidogo mno. Mtasema, basi tuubomoe ukuta. Watafiti walijaribu kwa panya, mwaka 2014 matokeo yakatoka: fibroblasti zilipoondolewa, uvimbe ukawa mkali zaidi. Kumbe ukuta ulikuwa unaizuia saratani pia. Mimi majibu ya namna hiyo nayapenda, yanatuadabisha.

Ndani ya ukuta kuna wengine. Kuna seli T za udhibiti, wazee wa usuluhishi ambao kazi yao ni kusema "yaishe, twendeni nyumbani". Bila wao tungepata magonjwa ya kinga kujishambulia, na waliowagundua walipata Nobeli mwaka 2025. Kwenye uvimbe wanasuluhisha kesi isiyotakiwa kusuluhishwa.

Halafu kuna uchachu, na hapa mfano wangu unaacha kuwa mfano. Seli za saratani zinakula sukari kwa pupa na kutoa asidi ya laktiki. Uchachu tunaupima kwa pH, na namba ikishuka uchachu umezidi. Damu yako ina pH ya 7.4 hivi, ndani ya uvimbe mara nyingi inashuka chini ya 7. Seli T ikiingia humo inalegea. Tafadhali, mtu asiende nyumbani kunywa magadi! (Kicheko.) Mwili unalinda pH ya damu kwa ukali, magadi yako utayakojoa.

Turudi kwetu. Saratani inayotusumbua wanawake wa huku si melanoma, ni ya mlango wa kizazi, na inatokana na kirusi cha HPV. Mwanamke mwenye VVU yuko kwenye hatari mara sita zaidi, na nyanda zetu za juu mnajua zilivyo kwa VVU. Pembrolizumab, dawa nyingine ya kuachilia breki, ilipojaribiwa peke yake kwa wagonjwa 98 ambao saratani hii ilikuwa imesambaa au kurudi, uvimbe ulisinyaa kwa 12. Baadaye ikaunganishwa na mionzi na kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, kwa wagonjwa ambao ugonjwa wao ulikuwa bado haujasambaa mbali: baada ya miaka mitatu walikuwa hai kama 83 kwa kila 100, dhidi ya 75 waliopata mionzi na kemo tu. Ni wagonjwa tofauti, msilinganishe namba moja kwa moja. Ila mimi naisoma hivi: mionzi inavunja seli, inamwaga vipande vyake, inaita kinga ije. Huenda ndiyo chokaa yetu. Dozi moja ya pembrolizumab ni mamilioni ya shilingi, na majaribio mengi ya mwanzo hayakuwapokea watu wenye VVU. Kwa hiyo udongo wa hapa hakuna aliyeupima vizuri. Wanafunzi, hiyo ni kazi yenu.

Naona mzee pale nyuma ameinua mkono. Karibu, baba.

"Daktari, nimekuelewa. Lakini chokaa ikizidi, shamba pia linaharibika. Mahindi yanakosa zinki. Na hii je?"

(Makofi.) Mzee, umenizidi. Ndiyo, inazidi. Kinga ikiachiliwa kupita kiasi inageukia utumbo, mapafu, ini, tezi ya shingo. Mgonjwa anaanza kuharisha, muuguzi anadhani ni chakula, anampa ORS na kumrudisha nyumbani, kumbe utumbo unashambuliwa na anahitaji steroidi, dawa za kuituliza kinga. Inaweza kutokea hata miezi baada ya dozi ya mwisho. Kwa hiyo dada zangu wauguzi, mtu wa dawa hizi akija anaharisha au anakohoa kikavu, swali la kwanza ni: dawa gani ulichomwa, na lini?