Majina Kwanza, Hesabu Baadaye

Mabibi na mabwana, nimekuja kudai kwamba mateka wa vita wajibiwe kwa majina kabla ya kuhesabiwa, na wanaonijua wamekwisha kukisia nitaanzia wapi. Naam, Panmunjom, kijiji cha Korea palipofanyika mazungumzo ya kusimamisha vita, tarehe 18 Desemba 1951. Jinsi Vita vya Korea vilivyoanza mnaijua, naivuka.

Siku hiyo pande mbili zilibadilishana orodha za mateka. Kamandi ya Umoja wa Mataifa, yaani majeshi yaliyoongozwa na Marekani upande wa Korea Kusini, ilitoa majina 132,474. Korea Kaskazini na Uchina wakatoa 11,559. Sasa subirini. Upande huo huo ulikuwa umejigamba hadharani kwamba katika miezi tisa ya kwanza umekamata watu 65,000! Waliobaki wako wapi? Korea Kusini ilikuwa ikitafuta wanajeshi wake 88,000. Orodha ikataja 7,142. Wamarekani walitafuta zaidi ya 11,000, wakapewa 3,198. Kaskazini na Uchina wakaulizwa, wakajibu: wengine wamekufa kwa maradhi, wengine wameuawa na mabomu ya ndege zenu wenyewe, wengine wametoroka, na wengi wameelimishwa kisha wakaachiwa huko huko mstari wa mbele. Wameachiwa! Waende wapi, katikati ya mizinga? Wajumbe wa Umoja wa Mataifa mezani walidai kwamba watu hao wameingizwa katika jeshi la Kaskazini.

Namwona bwana pale nyuma anatikisa kichwa, eti nawaonea. Haya, nyani haoni kundule. Kamandi ya Umoja wa Mataifa nayo ilikuwa imekwisha kuipa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu majina karibu 176,000. Desemba wakapungua kama 44,000. Maelezo? Wengi wao, kama 37,000, ni raia wa Kusini waliochanganywa na mateka, kwa hiyo wameandikwa kwingine. Sawa. Lakini ukishahamisha watu 37,000 kwa kalamu, utambana vipi mwenzio aliyehamisha zaidi?

Na katika orodha ile alikuwamo Jenerali William Dean, kamanda wa divisheni, aliyekamatwa Agosti 1950. Januari 1951 Rais Truman alikuwa amemkabidhi mkewe nishani ya juu kabisa ya Marekani, na wengi wakiamini mumewe amekufa. Kama jenerali mzima anaweza kupotea hivyo, kuruta asiyejulikana hata na kapteni wake atakuwaje? Mkataba wa Geneva wa 1949 unataka kila upande uwe na ofisi ya taarifa, majina yatumwe upesi. Kaskazini ilikuwa imetuma 110.

Watu huniambia kila mara: "Mwalimu, ukishikilia majina, mazungumzo yatavunjika." Hoja hii imenichosha. Mazungumzo yalikwama vilevile, mwaka na zaidi, kwa suala jingine: mateka asiyetaka kurudi kwao alazimishwe au asilazimishwe? Ni suala zito, silidharau. Kifungu cha 118 cha Mkataba ule wa Geneva kilisema warudishwe wote bila kuchelewa, na maelfu kambini walikuwa hawataki. Lakini lilimeza kila kitu. Meza nzima ikabishania walio kambini, na wasio kwenye orodha wakakosa wa kuwasemea.

Ninachotaka ni kidogo tu. Kabla ya kujadili nani anabadilishwa na nani, kila jina lenye ushahidi, awe alisikika redioni au aliandika barua, lijibiwe lenyewe: yu hai, au amefia wapi, au ameachiwa lini na nani. Jumla mnaweza kuikata nusu ili mpatane. Mtu huwezi kumkubali nusu.

Mwenyekiti ananionyesha saa, basi haraka haraka. Julai 1953 wakatia saini ya kusimamisha vita, mateka wakabadilishwa, miili ikabadilishwa 1954, hilo ni somo la siku nzima. Mwaka 1994 Luteni Cho Chang-ho, wa jeshi la Kusini, akatoroka Kaskazini, akafika Kusini. Alikamatwa 1951, kwao alikuwa ameandikwa miongoni mwa waliokufa vitani. Baada yake walifuata wengine makumi, wazee watupu. Tume ya India, iliyowashughulikia mateka wasiotaka kurudi kwao, nimeiruka, najua. Mwenye swali la orodha aulize. La siasa za leo amngoje msemaji anayefuata.