Kidonge cha Kifafa Hakitwangwi

Assalaam alaikum warahmatullah. Mama zangu, dada zangu, na nyinyi wanaume mliobaki barazani nje, sogeeni mlangoni maana kipaza sauti hiki hakifiki huko. Wengi wenu mmeshanisikia. Nimeyasema haya dukani ninakotoa dawa, nimeyasema njiani Langoni, nimeyasema hata kwenye arusi mpaka mtu akaniambia leo tuache tufurahi. Nayarudia kwa sababu wiki iliyopita, hapa hapa mjini Amu, kisiwani Lamu, nimekuta tena kidonge cha kifafa kinatwangwa.

Kifafa chenyewe sitakieleza. Aliyekuja leo ana mtu wake nyumbani. Nitasema moja tu kwa wanaokaa kimya kwa aibu: Shirika la Afya Duniani linahesabu watu kama milioni 50 wenye kifafa ulimwenguni, na linasema hadi 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka wakipimwa na kutibiwa vizuri. Sabini katika mia! Sasa pita mitaani kwetu uwatafute. Wako wasiopata dawa kabisa, na hilo lina mkutano wake. Mimi nimekuja kwa ajili ya wale walioipata, wakainunua kwa pesa ya samaki na ya makuti, ikafika nyumbani, ikaharibikia jikoni.

Kuna mama mmoja alikuja kutoka Matondoni, miaka kadhaa sasa. Alikuja na punda, mwanawe wa miaka minane amemkalisha mbele, na mkononi ana kikapu. Mtoto alikuwa ameandikiwa vidonge vya karbamazepini, vile vya kutoa dawa polepole, asubuhi kimoja na usiku kimoja. Mama hakunisalimia vizuri, alikuwa na hasira. Akaniambia, "Dada, dawa hini yamlevya mwanangu na haimponyi." Nikamuuliza inamlevyaje. Akasema akishampa cha magharibi, kabla ya kulala mtoto anayumba, anashika ukuta, anasema anaona mama wawili. Kisha analala kama aliyepigwa. Alfajiri anaanguka. Basi kaona heri amwachishe. Kamwachisha siku nne, na katika siku hizo nne mtoto kaanguka mara nyingi kuliko mwezi mzima wa nyuma.

Nikamwambia nionyeshe unavyompa. Akafungua kikapu, akatoa kinu. Kile kidogo cha kutwangia thomu. Alikuja nacho Amu nzima hii kunionyesha kwamba yeye hakuzembea. Ukingoni mwa kinu kulikuwa na unga mweupe umegandia kwenye asali, na chini kabisa harufu ya thomu bado ipo. Mtoto hawezi kumeza, akaniambia, kinamkwama kooni, anatapika. Basi anakitwanga kikawa laini, anakichanganya na asali, mtoto anakilamba kijikoni mpaka kinaisha.

Nikamuuliza, "Mama, nani alikwambia utwange?"

Akanitazama. "Na nani alinikataza?"

Sikuwa na jibu. Kwa sababu bahasha ya dawa alikuwa nayo, na juu yake kumeandikwa 1 x 2, basi. Hakuna neno jingine. Aliyempa dawa hakumwambia, na mimi nilipokumbuka bahasha ngapi nimeziandika hivyo hivyo, moja mara mbili, haya nenda, nilikaa chini. Tangu siku hiyo siachi kusema.

Sikilizeni niwaeleze alichokifanya, kwa mfano wa nyumba zetu. Chukua donge la ubani uliweke kwenye chetezo chenye makaa. Linafuka taratibu, unafukiza nguo, unafukiza chumba, mgeni anakuja jioni anakuta harufu bado ipo. Sasa chukua donge lile lile ulitwange, unga wote umwage kwenye makaa kwa mara moja. Nyumba inajaa moshi, watu wanakohoa, wanatoka nje, na baada ya dakika chache hamna kitu. Ubani ni ule ule na kipimo ni kile kile, lakini umeuchoma wote kwa pamoja.

Ndicho kilichompata yule mtoto. Kidonge kile ndani yake kina dawa ya saa 12. Vingine vina dawa ya siku nzima, saa 24, ndiyo maana mtu anaambiwa ameze kimoja tu kwa siku. Kimetengenezwa dawa itoke kidogo kidogo. Viko ambavyo dawa imechanganywa na kitu kinachovimba kikikutana na maji, kinakuwa kama ute mzito, na dawa inapenya humo polepole. Viko vyenye ganda gumu lenye tundu dogo mno, maji ya tumboni yanaingia, dawa inasukumwa nje kupitia tundu lile. Ukitwanga, ukitafuna, ukivunjavunja, umevunja ile kazi yote. Dawa ya nusu siku inaingia kwenye damu kwa pamoja. Ndiyo kuyumba huko, ndiyo kuona mama wawili. Halafu alfajiri imeshapungua, na kifafa kinampata.

Nyinyi mnaosafiri kwenda Faza na Kizingitini mtanielewa hapa. Siku za bamvua maji yanajaa mno na yanakupwa mno. Siku za maji mafu hayajai sana wala hayapwi sana. Vidonge vya kawaida, hasa vya dawa ambayo haikai mwilini muda mrefu, vinafanya damu yako iwe bamvua: saa hii imejaa una kizunguzungu, saa ile imekupwa, na chombo kiko Mkanda, ule mlango wa bahari usiopitika maji yakipwa. Vidonge hivi vya polepole vinataka uishi maji mafu kila siku. Kina kiwe kile kile, chombo kipite.

Najua kuna mtu hapa atasema, mbona mimi nilionyeshwa kidonge chenye mstari katikati nikaambiwa naweza kukikata? Ni kweli. Viko vya polepole vyenye mstari, na hivyo vinaweza kukatwa nusu kwa nusu pale penye mstari, na kila nusu inamezwa nzima. Kukata penye mstari si kutwanga. Na viko visivyotakiwa kuguswa kisu kabisa. Sasa utajuaje? Usikisie. Muulize aliyekupa, na asipojua muulize mwingine. Tazama pia boksi: ukiona herufi CR, XR, ER, SR au XL baada ya jina la dawa, ujue hicho ni cha polepole, na kinu kikae mbali.

Na mtoto asiyeweza kumeza? Rudi. Mwambie daktari hawezi kumeza. Dawa nyingi hizi ziko za maji, lakini kipimo chake na nyakati zake ni tofauti, usijipigie hesabu nyumbani. Yule mtoto wa Matondoni alibadilishiwa ya maji. Mamake alipita dukani baadaye akanunua sindano isiyo na ncha ya kupimia, akaniambia kinu kimerudi kwenye thomu.

Jambo jingine linalonisumbua, na watu wanaona haya kulisema kwa hiyo nitalisema mimi. Ganda. Vile vidonge vya ganda gumu nilivyovitaja, dawa ikishatoka ganda linabaki tupu, na linatoka chooni likiwa na umbo la kidonge. Bibi mmoja wa Shela alikiona kwenye choo cha mjukuu wake, akasema dawa imetoka nzima haijafanya kazi, akampa kingine. Yaani kampa mara mbili. Mkiona ganda, msiogope, ni la kutupwa. Dawa ilishaingia.

Na hii hewa yetu. Dawa inayoitwa valproeti ya sodiamu inavuta unyevu wa hewani kama chumvi ya mawe inavyotoa jasho masika. Ndiyo maana inafungwa kidonge kimoja kimoja kwenye karatasi ya kung'aa yenye rangi ya fedha. Sasa mtu ananunua karatasi sita, anakaa jioni anavitoa vyote, anavitia kwenye chupa ya kahawa ili iwe rahisi kuhesabu. Aliniletea baba mmoja chupa hiyo wakati wa kusi. Vidonge vimeshikana kama tende za kwenye gunia, vingine vimepasuka, ameingiza kisu ndani ya chupa kuvibandua. Nilizitupa mbele yake, na niliumia kwa sababu niliijua pesa ile ilivyopatikana. Kiache ndani ya karatasi yake mpaka saa ya kumeza. Na dukani ukikatiwa vidonge kumi, vikatwe pamoja na karatasi, usikubali vimwagwe kwenye bahasha. Sema tu, naomba na karatasi yake. Ni haki yako.

Wengine mtasema kifafa ni mashetani, si cha vidonge. Sitabishana na mtu juu ya imani yake, mimi pia nilinyweshwa kombe, yale maji ya aya zilizoandikwa sahanini, nikiwa mdogo. Msomee mtoto, mnyweshe kombe, muombee dua kila Ijumaa. Lakini kidonge kibaki na saa yake, asije mtu akakwambia uchague. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Wellcome Trust ya Uingereza, ambao wako Kilifi tangu 1989, wamefuatilia kifafa cha pwani hii hii yetu, na wanayoyakuta ni mambo ya mwili: mtoto aliyezaliwa kwa shida akakosa hewa, malaria iliyopanda kichwani, vimelea, jeraha la kichwa. Mtoto aliyeanguka kutoka mnazini ana jeraha. Mtibuni jeraha.

Ramadhani. Hapa nataka mnisikilize kwa makini maana kila mwaka napoteza usingizi. Sisi tuko karibu na ikweta, saumu yetu ni kama saa 13 na nusu, mwaka nenda mwaka rudi. Mwenye dawa ya mara tatu kwa siku hapo hana pa kuiweka ile ya mchana, na anachofanya ni kuiruka, au anameza mbili kwa mpigo wakati wa futari. Yote mawili ni hatari. Dawa ya polepole inaweza kumsaidia mtu kama huyu, maana ya mara moja inakaa usiku, na ya mara mbili inakaa futari na daku. Lakini kubadilisha si kazi ya usiku wa kuandama mwezi. Mwili unahitaji siku kuzoea. Nenda kwa daktari mwezi wa Rajabu, kwa kuchelewa mwanzo wa Shaabani, useme mimi nataka kufunga, niangalie kama inafaa. Na akikwambia usifunge, usimuone adui wa dini. Aya ya 184 na ya 185 za Suratul Baqara zimempa mgonjwa ruhusa, kamuulize sheikh wako akueleze namna ya kulipa. Halafu usingizi! Watu wanakesha mpaka daku, wanalala muda wa saa mbili tu, wanaamka. Mwenye kifafa akikosa usingizi anaweza kuanguka hata kama dawa kaimeza kama ilivyoandikwa. Mfungulieni chumba alale mapema.

Naambiwa muda umekwisha. Basi haya mbio mbio. Ukisahau kidonge, kimeze ukikumbuka, isipokuwa saa ya kinachofuata imekaribia. Hapo ruka hicho cha nyuma. Usimeze viwili kufidia, mnakumbuka ubani. Usiache dawa ghafla kwa sababu umekaa mwaka hujaanguka. Hujaanguka kwa sababu unaimeza. Kuacha ghafla kunaweza kuleta kuanguka kusikokoma, na mtu hufa kwa hilo. Ikifika miaka miwili hivi bila kuanguka, daktari anaweza kufikiria kupunguza, naye atapunguza kidogo kidogo kwa miezi.

Dada zangu mnaotumia valproeti na mnaweza kushika mimba: dawa hii inaweza kumdhuru mtoto tumboni, uti wa mgongo na akili yake. Msiiache wenyewe kesho. Nendeni mkazungumze na daktari kabla ya mimba, na asiyeolewa aende kabla ya ndoa, msisubiri. Karbamazepini nayo inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, ulizeni.

Miraa ya kukesha, hapana. Kuogelea peke yako, kupanda mlingoti, kupanda mnazi, hapana, mpaka daktari aridhike. Na mtu akianguka, mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni, tazameni saa. Zikipita dakika tano, hospitali.

Nilitaka kusema juu ya shule, ila itabidi iwe siku nyingine. Sasa wale niliowaambia mje na dawa zenu, zitoeni muweke mezani hapa. Nitazitazama moja moja. Ambaye zake ziko kwenye bahasha au kwenye chupa, aje yeye kwanza.