Salfa Ikishaanguka Chini: Mhadhara kwa Wakulima wa Korosho, Newala

Shikamooni wazee wangu. Kina mama, vijana, walimu na maafisa ugani mliofika, habari za asubuhi.

Naomba tuanze na salfa. Mikorosho ikikaribia kutoa maua tunapuliza, na kazi yake huko juu tunaijua: inazuia ubwiriunga, ugonjwa wa kuvu unaofunika maua na majani machanga kwa unga mweupe. Leo nataka tuzungumze inachofanya ikishaanguka chini.

Gramu moja tu ya udongo wenye afya inaweza kubeba bakteria hadi bilioni. Miongoni mwao wamo wanaoishi kwa salfa. Mvua za Desemba zikilowesha ardhi, wanaiunganisha salfa na oksijeni ili wapate nguvu, na wanachotoa ni asidi ya salfa, ile ile iliyomo kwenye betri ya gari. Unga tunaopuliza hauna ukali huo. Wanaoutengeneza ukali ni bakteria. Kilo 1 ya salfa ikigeuzwa yote, kuituliza asidi yake kunataka kilo 3 hivi za chokaa ya kilimo. Sasa zidisha kwa miti uliyonayo na kwa miaka uliyopuliza.

Udongo wa mfinyanzi ungestahimili muda mrefu. Wetu huku juu Umakondeni ni mchanga, mboji yake kidogo, na kinga yake dhidi ya uchachu, yaani asidi kuzidi, ni ndogo. Watafiti waliopima mashamba ya korosho ya kusini miaka ya 1990 waliona jambo hilo: penye salfa, uchachu umepanda.

Udongo ukichachuka sana, madini ya alumini yaliyokuwa yametulia yanayeyuka na kuunguza mizizi michanga. Hilo mkulima ataliona kwenye mazao. Asiloliona ni wafanyakazi anaowapoteza. Chukua kunde, karanga, mbaazi, njugumawe tunazopanda kati ya mikorosho. Mizizi yao ina vinundu, na ndani ya vinundu wanaishi bakteria wanaochukua nitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Mholanzi Martinus Beijerinck aliwatenga bakteria hao mwaka 1888, lakini bibi zetu walikuwa wakichanganya kunde na mihogo bila kumsubiri. Uchachu unawadhoofisha bakteria hao. Ukiona kunde zimekuwa za njano na mvua ilikuwa nzuri, usikimbilie kulaumu mbegu.

Mkorosho wenyewe nao una wenzake: kuvu wanaoingia kwenye mizizi na kutandaza nyuzi nyembamba mbali kuliko mizizi inavyofika, wakiuletea fosforasi, nao mti unawalipa sukari. Miti ya miombo ina kuvu wa aina nyingine, na uyoga mwingi mnaouokota kina mama chini ya miyombo wakati wa mvua ni matunda ya kuvu hao. Msitu ukifyekwa wote, uyoga ule hauji tena, kwa sababu aliyekuwa akiulisha ameondoka. Na kwa sisi tunaohangaika na maji huku juu, nyuzi za kuvu pamoja na ute wa bakteria ndivyo vinavyoshikanisha chembe za mchanga hadi udongo ukabaki na unyevu kidogo baada ya mvua.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi tuache salfa. Nchi hii ilikusanya zaidi ya tani 140,000 za korosho msimu wa 1973/74, na miaka ya 1980 tukashuka chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi, bei na watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa zikiwemo, lakini ubwiriunga ulikuwa mmojawapo. Anayemwambia mkulima wa Newala asipulize hamtakii mema. Ninachosema ni kwamba tupulize kwa kipimo na kwa wakati, tusimwage tu kwa kuwa imepatikana ya ruzuku, na udongo tuulipe.

Kuulipa ndiko kunakotushinda. Tunafagia majani chini ya mikorosho ili korosho ziokoteke, na hilo ni sawa, kisha tunayachoma. Majivu yanapunguza uchachu kidogo, nakubali. Lakini nitrojeni yote karibu imeondoka na moshi, na chakula cha bakteria na kuvu kimeteketea. Yalundike pembeni, mbali na moto wa jirani. Ukimaliza kuokota, yarudishe chini ya mti, na mabibo yasiyotumika yafuate. Chokaa iwekwe baada ya kupima udongo, si kwa kukisia.

Mtakaporudi mashambani, kunde zikianza kutoa maua, ng'oeni shina moja taratibu kwa jembe, msilivute. Pasueni kinundu kwa ukucha. Ndani kikiwa chekundu au waridi, bakteria wanafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijani, au vinundu havipo kabisa, chukueni udongo wa hapo na wa nje ya kivuli cha mkorosho, kila mmoja kwenye mfuko wake, mpeleke ukapimwe.

Sasa maswali, na naomba tuanze na kina mama waliokaa nyuma.