Kombora Bawani, Kazi Ndani ya Rada: Silaha za Anga kwa Anga katika Ndege za Kivita za Kirusi

Ndugu wasikilizaji, nimeulizwa mara nyingi swali moja ambalo ni la haki kabisa: ikiwa Warusi wana kombora jipya, na wana ndege ya zamani iliyo bado imara, kwa nini wasilifunge kombora hilo chini ya bawa wakamaliza kazi? Jibu langu ni kwamba kombora la anga kwa anga huonekana likining'inia bawani, lakini uwezo wake hutegemea rada na kompyuta ya ndege iliyolibeba, na huko ndiko ugumu ulipo.

Tuzitazame ndege za kivita Su-27 na MiG-29, zilizoingia jeshini katika miaka ya 1980 zikiwa na kombora la R-27 kama silaha yao ya mbali. Aina ya R-27R haina rada ya kutoa mawimbi yake yenyewe. Ndege iliyoirusha ndiyo inayoimulika shabaha, na kombora hufuata mwangwi unaorudi. Kwa hiyo rubani hulazimika kumweka adui ndani ya upeo wa rada yake mpaka kombora lifike, huku naye akizidi kumkaribia. R-27T, ambayo ni ya ukoo huohuo, hufuata joto, na kwa kuwa kichwa chake cha kutafuta joto sharti kiwe kimeikamata shabaha kabla ya kuondoka, hurushwa kutoka kwenye reli iliyo chini ya bawa, ilhali R-27R inaweza hata kuachiwa kutoka chini ya tumbo la Su-27. Mnaona basi kwamba hata makombora ya ukoo mmoja hayabadilishani nafasi kiholela.

Kombora lililofuata, R-77, lililopokewa rasmi mwaka 1994, lilikuwa hatua kubwa. Ina uzito wa kilo 175 hivi, dhidi ya kilo 253 za R-27R, mapezi yake ya nyuma yana matundu kama chekeche, na puani mwake mna rada yake yenyewe. Hata hivyo, kabla ya kuruka ni lazima ndege iieleze shabaha iko wapi na inaelekea wapi, na ikishaondoka iendelee kutumiwa masahihisho mpaka rada yake ndogo iwashwe na kujitegemea. Rada ya N001 ya Su-27 za kwanza haikutengenezwa kwa mazungumzo ya namna hiyo. Ungeweza kulifunga kombora barabara kabisa, nalo likabaki mzigo tu.

Dawa ya Su-27 ilikuja na marekebisho yaliyoitwa Su-27SM, ambayo yalianza kufika vikosini mwanzoni mwa miaka ya 2000 yakiwa na rada ya N001V iliyoweza kuzungumza na R-77. Mimi nauona huo kuwa uhandisi wa busara katika kipindi cha uhaba wa fedha, ingawa antena iliendelea kuzungushwa kwa mitambo. Ilibidi kuingojea Su-35S, yenye rada ya Irbis inayoelekeza mawimbi kwa elektroniki, ndipo toleo jipya la R-77, liitwalo R-77-1, lipate ndege inayolifaa; mwaka 2016 ndege hizo zilionekana Syria zikiwa na makombora hayo.

Jambo linalonisikitisha katika historia hii ni kwamba R-77 iliuzwa nje kwa jina la RVV-AE wakati vikosi vya Urusi vyenyewe vilikuwa havina kiasi cha maana. India iliifungia MiG-21 yake, ndege iliyobuniwa miaka ya 1950, rada ndogo ya Kopyo, ikaiita Bison, na mkongwe huyo akaweza kurusha kombora ambalo Su-27 nyingi za Urusi hazikuweza kulirusha.

Kwetu Afrika Mashariki mambo haya yana mifano ya karibu. Mwaka 1999 Su-27 za Ethiopia zilikabiliana na MiG-29 za Eritrea, na taarifa nyingi za vita hivyo zinaeleza kwamba R-27 zilikosa mara kwa mara, ilhali R-73, kombora la masafa mafupi linalofuata joto na ambalo rubani anaweza kulielekeza kwa kugeuza kofia yake, ndilo lililoleta matokeo. Uganda nayo ilipokea Su-30MK2 sita kati ya 2011 na 2012, ndege za kizazi kilichokwisha kurekebishwa ambacho rada yake inaielewa RVV-AE. Lakini uwezo wa ndege kurusha kombora ni jambo moja, na kombora lenyewe kuwepo ghalani ni jambo jingine.

Kisha kuna suala la programu ya kompyuta ya ndege. India ilipotaka Su-30MKI zake zibebe Astra, kombora ililolibuni yenyewe, kulifunga bawani kulikuwa mwanzo tu wa safari: ilibidi mfumo wa silaha wa ndege ufundishwe kulitambua, kulipatia shabaha na kulisindikiza angani, na baada ya majaribio ya kulibeba tu, kombora la kwanza lilirushwa kutoka kwenye ndege hiyo Mei 2014.